Upande wa Kulia wa Magsar

Farasi alikuwa mzima. Dugar aliliona hilo kutoka mbali, akiwa amesimama mlangoni mwa hema lake na bakuli la chai ya chumvi mkononi. Farasi alikanyaga sawa kwa miguu yote minne, tandiko liko mgongoni, ila mwenyewe alikuwa chini, anatembea, anamvuta kwa kamba. Katika bonde lile mtu mzima mwenye farasi mzima hatembei kwa miguu. Ni kichekesho.

"Nani huyo?" mkewe, Khandaa, aliuliza kutoka ndani.

"Mtu asiyeweza kupanda."

"Amelewa?"

"Angekuwa amelewa angepanda."

Dugar alikuwa mganga wa mifupa, kama baba yake na babu yake, na hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu yule alikuwa anaukanyaga mguu wa kulia kwa woga, hatua fupi fupi, na kila baada ya hatua tano alisimama akajishika juu ya tako. Halikuwa goti. Haukuwa mgongo. Ni pale chini, mgongo unapoishia na nyonga inapoanzia. Kisha mtu akakaribia zaidi, na Dugar akayatambua mabega.

"Ni Magsar."

Khandaa alitoka na mwiko mkononi. "Magsar yupi?"

"Kwani tunao wangapi?"

Mwanamke alimtazama yule mtu anavyojikokota, akatazama juu. "Mbingu zina masikio," alisema.

"Mshikeni mbwa!" Magsar alipaza sauti.

Kila mgeni hupaza sauti hivyo, na mwenyeji hutoka mara moja akamshika mbwa wake. Dugar alikunywa chai. Mbwa alimzunguka Magsar mara moja, mara mbili, akabweka hadi povu likamtoka. Magsar, mtu wa kilo mia moja na ishirini, alisimama katikati ya nyasi kama kigingi. Hakuweza hata kuinua mguu amtishe. Dugar alimaliza chai yake, akakung'uta bakuli, ndipo akamwita mbwa.

Chuki hii ilikuwa na miaka mitatu.

Kila Julai, wilaya yao ilikuwa na mieleka ya wanaume thelathini na wawili. Anayeanguka ametoka. Raundi mbili za kwanza watu hupangiwa, lakini wakibaki wanane, wale wenye vyeo huchagua wenyewe wa kupigana naye. Ndiyo desturi, na kila mwenye cheo huchagua mnyonge, hakuna anayemlaumu. Anayeshinda raundi ya tatu hupewa cheo cha Mwewe, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi uwanjani bila cheo hicho mpaka afe. Juu ya Mwewe yuko Tembo. Juu ya Tembo yuko Simba, bingwa wa wilaya.

Magsar alikuwa Tembo. Sodnom, mtoto pekee wa Dugar, hakuwa na kitu. Mwaka wa kwanza Sodnom alishinda raundi mbili, Magsar akamchagua, akamwangusha. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu vilevile. Kwa sheria ya mieleka, aliyeanguka hupita chini ya mkono wa aliyeshinda, kwa heshima. Magsar aliushusha mkono wake ili Sodnom ainame sana, kisha akampiga kofi la matakoni na kusema kwa sauti ya kusikika, "Asante kwa chakula." Uwanja ukavunjika mbavu. Mshindi hupewa jibini kavu atafune, basi watoto wakaanza kumwita Sodnom Jibini. Baadaye wakubwa nao wakamwita hivyo. Msichana wa duka la dawa, aliyekuwa akimngoja, aliolewa na dereva wa lori. Sodnom alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa ameacha kwenda dukani.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa anaingia sasa kwa Dugar, anainama mlangoni huku ameuma meno.

"Kaa," Dugar alisema.

"Nitasimama, Mzee Dugar."

"Nimesema kaa."

Magsar alikaa kwa tako moja, la kushoto, amejiegemeza kwenye mkono. Jasho lilimtoka puani.

"Hospitali ya mkoa wamekwambia nini?"

"Wamesema diski. Wamenichoma sindano tatu za mgongo."

"Zimesaidia?"

"Zimemsaidia daktari."

Dugar karibu acheke, akajizuia. "Ukigeuka kitandani?"

"Naona nyota."

"Ukivaa suruali, ukisimama kwa mguu mmoja?"

"Mke wangu ndiye ananivalisha." Alisema hivyo akiangalia jiko.

Khandaa alikoroga chai kwa nguvu. "Tembo anavalishwa suruali," aliiambia sufuria.

"Inashuka mpaka wapi?" Dugar aliuliza.

"Tako, na nyuma ya paja. Haifiki chini ya goti."

"Vua. Lala kifudifudi."

Alipolala, Dugar aliishika miguu yake na kuviweka visigino sambamba. Cha kulia kilikuwa kimepanda juu, upana wa kidole gumba. Akaweka vidole gumba viwili kwenye vile vishimo viwili vilivyo juu ya matako. Akabonyeza cha kushoto. Magsar hakusema kitu. Akabonyeza cha kulia. Magsar aliuma blanketi.

Dugar alikuwa amejua tayari. Mikono yake ilisikia mifupa kama watu wengine wanavyosikia sauti za ndugu zao gizani. Hakuwa na sababu ya kubonyeza tena. Akabonyeza tena. Kisha mara ya tatu, kwa muda mrefu, akihesabu moyoni Julai moja, Julai mbili, Julai tatu.

"Kumbe analia kama mbuzi," Khandaa alisema.

"Mgongo wako hauna ugonjwa," Dugar alisema. "Mfupa wa chini kabisa wa mgongo umekaa kati ya mifupa miwili ya nyonga kama kabari. Hautakiwi kucheza. Wako, upande wa kulia, umecheza, ukakwama umepinda. Nani alikuinua?"

"Hakuna aliyeniinua. Aprili nilikuwa nasukuma lori kwenye tope."

"Kwa hiyo umeangushwa na tope."

"Mzee, unaweza kunirudisha au huwezi? Nina thelathini na sita. Simba ni mwaka huu au haiko tena."

"Naweza."

"Unataka nini? Kondoo? Chagua mwenyewe."

"Raundi ya tatu usimchague mwanangu."

Mwiko wa Khandaa ulisimama.

"Mkikutana kwa kupangiwa, sawa," Dugar aliendelea. "Mwangushe kama unaweza. Lakini usimchague wewe."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu."

Magsar alijiinua kwenye kiwiko, akatoa kitambaa cha buluu kifuani, kile kinachotolewa mtu anapoomba au anapoapa, akakitandaza juu ya mikono yake miwili. "Naapa sitamchagua Sodnom. Na wewe je? Watu wakijua upande gani unaniuma, wataning'oa kama jino."

"Unajua tunavyoishi sisi," Dugar alisema, na safari hii alikasirika kweli. "Baba yangu aliniambia nikiwa na miaka kumi: siku utakayotoa siri ya mwili ulioushika, mikono yako itakufa. Nimeshika watu wa bonde zima. Umewahi kusikia kitu kutoka kwangu?"

"Sijasikia. Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine."

Dugar alimlaza ubavu wa kushoto, akaukunja mguu wa kulia, akaweka kiwiko mahali pake na kifua chake juu ya bega la mgonjwa. Alingoja Magsar atoe pumzi. Kisha akasukuma na kuvuta kwa pamoja. Kitu kililia ndani, kama kijiti kibichi kinavunjwa chini ya blanketi. Magsar alipiga yowe, halafu akanyamaza katikati ya yowe, akashangaa.

Visigino vilikuwa sawa.

Dugar alimfunga mshipi. "Si kiunoni kama mjinga. Hapa, chini ya mifupa inayochomoza, ubane nyonga zote mbili. Asubuhi na jioni lala chali, weka blanketi lililokunjwa katikati ya magoti, ulibane mara ishirini. Usinyanyue kitu. Usisimame kwa mguu mmoja. Siku arobaini."

"Mieleka ni baada ya siku kumi na sita."

"Basi kaa nyumbani."

"Mzee, usinichekeshe."

Magsar alitoka, akapanda farasi wake polepole, akaenda zake amekaa wima.

"Ungemvunja," Khandaa alisema.

"Mikono hii haijui kuvunja."

"Basi ni mijinga kama mwenye nayo."

* * *

Siku ya mieleka jua lilikuwa kali na uwanja ulinuka nyama ya kondoo ya kukaanga na mavi ya farasi. Dugar alikuwa mshika kofia wa mwanawe. Kila mwanamieleka ana mshika kofia, mtu mzima anayesimama naye ndani ya uwanja, anamshikia kofia wakati wa pigano na kumpa maneno.

Sodnom alishinda raundi ya kwanza. Akashinda ya pili upesi, akacheza mchezo wa tai, mikono imetandazwa. Alipokuja kuchukua kofia alikuwa anacheka, na Dugar hakukumbuka lini alimwona hivyo mara ya mwisho.

"Baba, mwaka huu nasikia mwili mwepesi."

"Nyamaza, hifadhi pumzi."

Magsar naye alishinda mara mbili, lakini Dugar aliona ambayo wengine hawakuona. Uzi wa fulana ya mieleka hufungwa tumboni. Magsar alikuwa ameufunga chini sana, unambana nyonga. Katika mchezo wa tai aliruka kwa mguu wa kushoto tu. Baada ya pigano la pili alisimama kwa muda mrefu anajifanya anafunga buti. Kiungo kilikuwa kinaanza kuhama. Siku kumi na sita si arobaini.

Walibaki wanane. Simba wa zamani alichagua kwanza, akamchukua mwalimu wa shule aliyefunga bandeji gotini. Ikafika zamu ya Magsar. Waliobaki bila vyeo walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mlevi wa kilo mia na arobaini, na kilo zote hizo zingekilalia kiuno kibovu. Wa pili alikuwa daktari wa mifugo aliyehamia wakati wa baridi, hakuna aliyejua anapigana vipi. Wa tatu alikuwa Sodnom.

Mshika kofia wa Magsar alivuka nyasi, akampita mlevi, akampita daktari wa mifugo, akasimama mbele ya Sodnom.

"Jibini!" watu wakapiga kelele. "Jibini! Jibini!"

Ule uso wa Sodnom uliokuwa unacheka ulikufa, na Dugar akauona ule mwingine unarudi, wa miaka mitatu.

Dugar alimwendea Magsar. "Uliapa."

Magsar alikuwa anatazama milimani. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Mzee, kinauma. Mwanao namjua, nimemzoea. Sina nguvu za kupambana na mtu nisiyemjua."

"Uliapa juu ya kitambaa."

"Nitamwangusha taratibu," Magsar alisema, kwa upole kabisa. "Hataumia."

Angetukana, Dugar angerudi mahali pake. Lilikuwa lile neno taratibu. Mtu mgonjwa, anayevalishwa suruali, alikuwa anamwahidi kwamba hatamuumiza mtoto wake.

Waliingia. Walishikana mabega, vichwa vimegusana. Magsar hakufanya haraka, alimlalia Sodnom kwa uzito na kumsukuma nyuma, hatua kwa hatua, na Sodnom akarudi nyuma kama mtu anayejua njia ya kwao. Mara goti lake likakaribia nyasi. Watu wakainuka. Alijinasua kwa bahati tu, wakaachana, na washika kofia wakaitwa wawapange upya.

"Baba," Sodnom alinong'ona. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Baba, nifanye nini?"

Dugar alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Alimkumbuka baba yake, na kidole cha baba yake kikimwonyesha mkono wake mmoja, kisha wa pili. Halafu akampiga mwanawe kofi la mgongoni, kama washika kofia wanavyofanya, akasema:

"Upande wa kulia. Juu ya tako kiungo kimelegea. Mvute mpaka abaki juu ya mguu huo peke yake, kisha mzungushe."

Hakusema kwa sauti ndogo. Alitaka kusema kwa sauti ndogo, lakini haikutoka hivyo. Mshika kofia wa Magsar alisikia. Magsar mwenyewe alisikia. Aligeuza kichwa, akamtazama Dugar kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta mwizi, na mwizi ni ndugu yake.

Halikuchukua muda. Sodnom alimvuta kushoto, akamrudisha kulia, na uzito wote wa Magsar ulipokuwa juu ya mguu ule alimzungusha kwa nguvu za miaka mitatu. Mlio ulisikika mpaka walikokaa wazee. Magsar alianguka ubavu, akalia, na safari hii hakuishia katikati.

Sodnom aliinua mkono wake wa kulia, akangoja.

"Mwache," mshika kofia wa Magsar alisema. "Hawezi kusimama, kaka. Huoni?"

"Si lazima asimame," Sodnom alisema, akaushusha mkono mpaka magotini.

Magsar alitambaa. Ilimchukua muda mrefu, mguu wa kulia unaburuzwa nyuma kama kitu cha mtu mwingine. Watu walikuwa kimya, kisha mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Alipopita, Sodnom alimpiga kofi la matakoni, upande wa kulia.

"Asante kwa chakula."

Dugar alikuwa ameshapiga magoti kwenye nyasi. "Lala, lala kifudifudi," alimwambia Magsar, na akaweka vidole gumba kwenye vile vishimo viwili. Alibonyeza. Alisikia nyama. Akahamisha vidole, akabonyeza tena, akatafuta ukingo wa mfupa ambao majuma mawili nyuma aliupata akiwa amefumba macho. Magsar alipiga yowe kila mahali alipogusa, na hakuna mahali palipomwambia kitu. Ilikuwa kama kupapasa kupitia godoro.

"Baba!" Sodnom aliita. Bila kofia kichwani asingeweza kwenda kuzunguka bendera kama washindi wanavyofanya. "Baba, kofia yangu!"

Dugar aliinuka, akampelekea.

Raundi ya nne Sodnom alianguka kabla watu hawajakaa vizuri. Lakini alikuwa Mwewe.

* * *

Mshika kofia wa Magsar hakunyamaza. Kufika Agosti bonde lote lilijua. Mzee mmoja aliyekuwa akija kwa Dugar kila vuli alisema sokoni, "Mimi nina bawasiri. Nikimwonyesha leo, kesho nitaisikia kwenye kipaza sauti uwanjani." Watu walicheka, na hakuna aliyekwenda. Waliovunjika waliambiwa kuna mwanamke ng'ambo ya mto. Nyasi mbele ya hema la Dugar, zilizokuwa zinakanyagwa na farasi wa wageni, ziliota.

Khandaa aliumwa mgongo wakati wa kukamua. Dugar alimlaza, akambonyeza. Baada ya muda mkewe alimwambia, "Acha. Unaniumiza tu," akajifunga mshipi mwenyewe.

Sodnom alipita juu ya farasi mbele ya duka la dawa kila siku, na siku moja alimuuliza baba yake, "Mwakani nimchague nani? Yule mwalimu wa bandeji, au kuna mnyonge zaidi? Wewe si unawajua wote."

Mwezi wa Oktoba mtu alikuja kwa miguu, bila farasi. Alikuwa na fimbo mbili. Tangu alipotokea kwenye mkunjo wa bonde mpaka akafika, Khandaa alichemsha nyama na ikaiva.

Hakupaza sauti kuhusu mbwa. Mbwa alibweka, yeye akatembea tu.

"Wamesema wanatia misumari, katika mji mkuu," Magsar alisema alipoingia. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba. "Foleni ni mpaka mwakani. Wewe ulinirudisha kwa pumzi moja. Nirudishe."

"Magsar..."

"Sikuja kusamehe. Niliapa nikavunja, uliapa ukavunja. Nirudishe tu, nivae suruali yangu mwenyewe."

Alijilaza kifudifudi palepale alipolala Juni. Dugar alipiga magoti, akaishika miguu, akaviweka visigino sambamba. Alivitazama. Akavisogeza, akavitazama tena. Vilionekana sawa. Vilionekana pia si sawa, mara hiki, mara kile. Aliweka vidole mgongoni na mgongo haukumwambia kitu.

"Upi mfupi?" Magsar aliuliza, uso ndani ya blanketi.

Dugar alivisogeza visigino tena.

"Mzee. Upi mfupi?"

"Wa kushoto," Dugar alisema.

Magsar alianza kucheka. Alicheka mpaka maumivu yakamkamata, akalia, akacheka tena. "Julai ulijua kulia na kushoto," alisema. "Julai ulijua vizuri sana."

Kuinuka kulimchukua muda. Dugar alinyoosha mkono amsaidie, Magsar akauangalia ule mkono, akaukwepa, akaishika nguzo ya hema.

Mlangoni alisimama, akaegemea fimbo zake.

"Mshike mbwa," alisema.

Dugar alitoka mbele yake, akamkamata mbwa shingoni kwa mikono miwili. Alimshika mpaka Magsar alipotokomea kwenye mkunjo wa bonde. Ilichukua karibu saa nzima, na mbwa hakuacha kubweka.